Rangi nyekundu isiyofika kwa bosi

Julai 2011 shirika la American Airlines lilitangaza oda ya ndege 460 kwa mpigo. Kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo lilikuwa likinunua kwa Boeing peke yake. Safari hii ndege 260 zilikwenda kwa Airbus, na Boeing ikaambulia 200. Tena nusu ya hizo 200 zilikuwa za aina ambayo bodi ya Boeing ilikuwa haijaamua hata kama itaiunda.

Chanzo kilikuwa miezi michache nyuma. Tarehe 1 Desemba 2010 Airbus ilizindua A320neo: umbo lilelile la ndege, injini mpya, mafuta pungufu kwa takriban asilimia 15. Kwa shirika la ndege, ambalo mafuta ni moja ya gharama zake kubwa kabisa, hiyo ni tofauti ya kupata faida au kula hasara. Mkurugenzi mtendaji wa Boeing, Jim McNerney, mwanzoni mwa 2011 alikuwa akisema kampuni yake itaunda ndege mpya kabisa. American walipogeuka, na yeye akageuka. Tarehe 30 Agosti 2011 bodi ikapitisha kuweka injini mpya kwenye 737 ya siku zote, nayo ikaitwa 737 MAX.

Simulizi hii hufundishwa kama ya ushindani: huyu kasogea hivi, yule kajibu hivi. Nimeifuatilia kwa miaka, na kila nikizidi kuisoma naona Airbus haikuwa tatizo kuu. Boeing ilikuwa na wahandisi hodari, wateja wa miongo mingi na soko linalotosha kampuni mbili. Kilichoiponza ni kwamba wakuu wake walikuwa wameshajenga mahali ambapo mtu wa chini akiona kasoro hana pa kuipeleka. Ndani ya kampuni ya namna hiyo, hata mkakati mzuri wa kumjibu mshindani unaweza kuua watu. MAX iliua watu 346 katika ajali mbili, na ya pili ilikuwa ndege iliyokuwa ikija Nairobi.

Turudi kwenye ndege yenyewe kwanza, maana jambo lote limo ndani yake. 737 ya kwanza iliruka mwaka 1967. Viwanja vingi vya wakati huo havikuwa na madaraja ya abiria wala mikanda ya kupandishia mizigo, kwa hiyo iliundwa fupi, karibu na ardhi, ili mpakiaji aweze kuingiza begi tumboni mwa ndege akiwa amesimama chini. Ulikuwa uamuzi wa akili kwa zama zake. Lakini injini za ndege zimezidi kunenepa kila kizazi, kwa sababu feni pana husukuma hewa nyingi kwa mafuta machache. Feni ya 737 ya kizazi kilichotangulia ilikuwa na upana wa inchi 61. Ya MAX ni inchi 69. A320 imesimama juu zaidi, ikaipokea injini nene bila taabu kubwa. Chini ya bawa la 737 nafasi hiyo haikuwepo. Wahandisi wakaisogeza injini mbele, wakaiinua, na mguu wa mbele wa ndege wakaurefusha kwa inchi nane.

Injini ikikaa hapo, ndege inabadilika tabia. Pua ikiinuka kupita kiasi, gamba la injini nalo linaanza kuchangia kuinua, na pua inataka kwenda juu zaidi. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa programu ya kompyuta iliyopewa jina la kifupi MCAS: ikihisi pua imezidi kuinuka, inageuza bawa dogo la mkia na kuishusha, bila rubani kugusa kitu.

Mpaka hapo hakuna la ajabu, kwani ndege zote za kisasa zina programu za kumsaidia rubani. Shida ilitoka kwenye idara ya mauzo. Boeing ilikuwa imewaahidi wateja kwamba rubani aliyezoea 737 ya zamani hatahitaji kufundishwa upya kwenye simuleta, yaani chumba cha kuigizia urukaji, ambacho saa zake ni ghali na nafasi zake ni chache. Kwa Southwest Airlines, shirika linalorusha 737 pekee, tena mamia, ahadi hiyo iliingia kwenye mkataba: simuleta ikihitajika, Boeing inapunguza dola milioni moja kwenye bei ya kila ndege.

Ni ahadi ya kuvutia sana ukiwa upande wa mauzo. Ila angalia inavyofanya kazi ikishuka ghorofa za chini. Taa mpya ya onyo, swichi mpya, ukurasa mpya kwenye kitabu cha rubani: kila kimoja sasa kinaweza kumfanya mdhibiti aulize kama mafunzo mapya yanahitajika. Hakuna bosi aliyepaswa kuwaambia watu wafiche. Bei ya kusema ilikuwa imeshapangwa. MCAS awali iliruhusiwa kugeuza bawa la mkia kwa nyuzi 0.6, majaribio ya angani yakaonyesha inahitajika pia katika mwendo wa polepole, ikapandishwa hadi nyuzi 2.5, na ikaweza kujirudia tena na tena. Iliachwa itegemee kihisi kimoja cha kupima pua imeinuka kiasi gani, ilhali ndege ina viwili, kimoja kila upande wa pua. Kwenye kitabu cha rubani haikutajwa.

Kazi yangu ni kukusanya taarifa za wiki katika kampuni ya malori ya mizigo hapa Dar es Salaam, kwa hiyo safari ya rangi nyekundu naijua vizuri. Kila idara inaleta jedwali la Excel lenye kijani, njano na nyekundu. Karakana wanaandika nyekundu: magari yamelala, breki, vipuri vimekwama bandarini. Jioni msimamizi ananipigia: "Dada, ile nyekundu tuifanye njano, vipuri vinatoka Jumatatu." Meneja wa uendeshaji akiipitia anaongeza maneno ya kutuliza, kwamba suala linashughulikiwa. Siku ya kikao mkurugenzi anaona ukutani njano moja katikati ya kijani tele, anauliza habari za wateja wapya, tunaendelea. Hakuna aliyesema uongo pale, ila kila mmoja amepunguza kidogo. Aliwahi kuja meneja wa karakana aliyekataa kubadilisha rangi. Aliulizwa mbele ya watu wote kama kazi anaiweza. Wiki iliyofuata jedwali lake lilikuwa kijani kuanzia juu mpaka chini, na magari yalikuwa yamelala palepale.

Ndiyo maana mtu anayenivutia zaidi katika historia ya Boeing ni yule ambaye bodi ilimruka. Alan Mulally aliongoza mradi wa 777 miaka ya 1990. Katika mradi ule wasanifu, mafundi wa kiwandani, wasambazaji na hata mashirika ya ndege yaliyokuwa wateja walikaa meza moja tangu mwanzo, na ndege ikaingia kazini mwaka 1995 kwa mafanikio makubwa. Mwaka 2005 Boeing ilipotafuta mkurugenzi mtendaji, ilimpa kiti McNerney, aliyetoka 3M na kabla ya hapo General Electric. Mwaka uliofuata Mulally akahamia Ford, kampuni ambayo mwaka huohuo ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12.

Alipofika alianzisha kikao cha Alhamisi asubuhi. Kila mkuu wa idara alipaswa kuleta kurasa zake zikiwa na rangi: kijani, njano, nyekundu. Wiki za mwanzo zote zilikuja kijani. Mulally akawauliza, kampuni inaelekea kupoteza mabilioni, na kweli hakuna kinachokwenda vibaya? Watu wakainamia karatasi zao. Kisha siku moja Mark Fields, aliyekuwa akiongoza biashara ya bara la Amerika, akaleta nyekundu. Gari jipya aina ya Edge lilikuwa tayari kutoka kiwanda cha Oakville, Kanada, likaonekana lina kasoro kwenye mlango wa nyuma, naye akazuia magari yasitoke. Wenzake waliokuwa chumbani wamesimulia kwamba waliamini wanamwona Fields kwa mara ya mwisho. Mulally akapiga makofi. Akamshukuru kwa kuonyesha hali ilivyo, akauliza nani mezani anaweza kumsaidia. Mmoja akasema ana mafundi wa kutuma, mwingine akasema ameshaliona tatizo la aina hiyo kwenye gari jingine. Shauri likaisha kwa dakika chache. Haikupita muda mrefu kurasa za wote zikaanza kuwa na rangi, na mwaka 2009 General Motors na Chrysler zilipofilisika mahakamani, Ford haikuwa nazo.

Makofi peke yake hayakuiokoa Ford, najua. Mwishoni mwa 2006 ilikuwa imekopa dola bilioni 23.6 na kuweka rehani karibu kila ilichonacho, pamoja na nembo yake. Na Mulally si mtakatifu: yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa ndege za abiria Boeing ilipoanza kugawa kazi ya kuunda ndege yake mpya, 787, kwa makampuni ya nje, na ilipouza kiwanda chake cha Wichita mwaka 2005. Lakini kikao kile cha Alhamisi mimi nakihesabu kuwa mkakati kamili wa ushindani. Mkopo ule ungeliwa kama mchwa unavyokula mbao kama wakuu wangeendelea kuletewa kijani.

Boeing yenyewe ilikuwa imeshika njia nyingine tangu 1997 ilipoungana na McDonnell Douglas, kampuni nyingine ya Marekani ya kuunda ndege. Harry Stonecipher, aliyekuja na muungano ule na baadaye kuwa mkurugenzi mtendaji, mwaka 2004 aliliambia gazeti waziwazi kwamba kubadilisha utamaduni wa Boeing ndilo lilikuwa kusudio lake, ili iendeshwe kama biashara badala ya kuwa kampuni ya wahandisi. Mwaka 2001 makao makuu yalitolewa Seattle, karibu na viwanda, yakapelekwa Chicago, zaidi ya kilomita 2,500. Mwaka huohuo mhandisi wa ndani, John Hart-Smith, aliandika waraka akionya kwamba ukigawa kazi nyingi mno nje, unagawa na faida, halafu gharama za kurekebisha makosa ya wengine zinabaki mikononi mwako. Waraka ulisomwa na ukazungumzwa sana. Kisha 787 ikaundwa karibu hivyohivyo alivyoonya: vipande vikubwa vikatoka Japani, Italia na kwingineko, vingine vikifika havijakamilika au havioani.

787 ya kwanza ilikabidhiwa kwa mteja Septemba 2011, ikiwa imechelewa zaidi ya miaka mitatu na kumeza mabilioni yasiyopangwa. Tazama tarehe. Ni mwezi mmoja tu baada ya bodi kupitisha MAX. Airbus ilipokuja na A320neo iliikuta Boeing imechoka, pesa na wahandisi wake wamezama kwenye 787, haina ubavu wa kuanza ndege mpya. Onyo la 2001 lililopuuzwa ndilo lililoibana mwaka 2011. Mara nyingi mshindani husifiwa kwa pigo ambalo nusu yake mpigwaji amejipiga mwenyewe.

Pesa nazo hazikukosekana kwa muda mrefu. Kati ya 2013 na 2019 Boeing ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zake yenyewe sokoni, ili bei ya hisa zilizobaki ipande.

Juni 2018 Ed Pierson, meneja katika kiwanda cha Renton zinakounganishwa 737, na mstaafu wa jeshi la majini la Marekani, alimwandikia mkuu wa mradi. Kiwanda kilikuwa kikipandishwa kutoka ndege 47 hadi 52 kwa mwezi. Vipuri vilikuwa vinachelewa, mafundi wanafanya kazi bila mapumziko ya kutosha, kazi zinafanywa nje ya mpangilio. Aliandika kwamba kwa mara ya kwanza maishani anasita kupandisha familia yake kwenye ndege ya Boeing, na akapendekeza uzalishaji usimamishwe. Haukusimamishwa. Onyo lake lilihusu ubora wa kiwandani, MCAS hakuijua. Hata hivyo inaonyesha nyekundu ilikuwa inafika mpaka wapi.

Tarehe 29 Oktoba 2018 MAX ya Lion Air, shirika la Indonesia, ilianguka katika Bahari ya Java, watu 189 wakafa. Kihisi kibovu kiliiambia kompyuta kwamba pua imeinuka, na MCAS ikaishusha, ikaishusha tena, marubani wakivutana na kitu ambacho hawakuwahi kuambiwa kuwa kipo. Mwezi uliofuata mashirika ya ndege ndipo yakasikia jina MCAS. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilifanya tathmini yake ya ndani: bila marekebisho, ndege za aina hiyo zingeweza kupata ajali nyingine kama 15 katika maisha yao yote. Hazikuzuiwa kuruka. Tarehe 17 Desemba 2018 bodi ya Boeing ikaidhinisha dola bilioni 20 nyingine za kununua hisa, na gawio la wanahisa likapandishwa kwa asilimia 20.

Jumapili ya tarehe 10 Machi 2019, Ethiopian Airlines safari namba 302 iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Njia hiyo kwetu huku ni ya kila siku: wafanyabiashara, wanafunzi, watu wa mashirika, mama anayerudi kumwona mjukuu. Walikuwemo pia wajumbe wa mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa uliokuwa uanze Nairobi kesho yake. Ilidumu hewani dakika sita, ikaanguka karibu na Bishoftu. Watu 157. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote.

Kilichoniuma zaidi baada ya msiba wenyewe ni maneno yaliyofuata. Wapo waliosema, hata ndani ya Bunge la Marekani, kwamba marubani waliofunzwa Marekani wangeiokoa ndege. Ripoti ya awali ya Ethiopia ilionyesha marubani walizima umeme wa bawa la mkia kama Boeing yenyewe ilivyoelekeza baada ya Lion Air, wakajaribu kulirudisha kwa gurudumu la mkono, haikuwezekana. China ilizuia MAX kesho yake. Marekani ilisubiri mpaka tarehe 13. Kwa siku zile tatu lawama ilikuwa rahisi kumwekea kijana wa Addis kuliko kuiweka kwenye meza ya bodi ya Chicago, na kwa hilo sijaona aliyeomba radhi ipasavyo.

MAX ilikaa chini miezi 20. Iliporuhusiwa kurudi, Novemba 2020, MCAS ililazimishwa kulinganisha vihisi vyote viwili, na marubani wote walitakiwa kupita kwenye simuleta, ileile iliyokwepwa tangu mwanzo. Mkurugenzi mtendaji Dennis Muilenburg aliondolewa Desemba 2019, akabaki na stahili za hisa na pensheni za takriban dola milioni 62. Januari 2021 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 katika makubaliano na serikali ya Marekani, sehemu kubwa yake ikienda kwa mashirika ya ndege. Aliyeshtakiwa binafsi ni rubani mmoja wa kampuni, mtu wa ngazi ya kati, na baraza la mahakama lilimwona hana hatia. Ghorofa ya juu haikuguswa.

Airbus nayo ina ya kwake: mwaka 2020 ililipa zaidi ya euro bilioni tatu na nusu kumaliza kesi za rushwa, na ndege yake kubwa, A380, iliisha kuundwa kabla haijalipa. Siandiki haya kwa ushabiki wa upande wowote. Air Tanzania ilipokea 737 MAX 9 yake ya kwanza Oktoba 2023, na ndugu zetu wanaipanda, kwa hiyo afya ya Boeing ni jambo letu. Miezi mitatu baadaye, Januari 2024, kipande kinachoziba nafasi ya mlango kilichomoka angani kwenye MAX 9 ya Alaska Airlines. Uchunguzi ulikuta boliti nne za kukishikilia hazikuwepo ndege ilipotoka Renton, kiwanda kilekile cha barua ya Pierson. Mwili wa ndege ulitoka Wichita, kiwanda kilekile kilichouzwa mwaka 2005, ambacho Boeing ililazimika kukubali kukinunua tena mwaka 2024 kwa dola bilioni 4.7. Mwaka huohuo, mgomo wa mafundi 33,000 ukiendelea, iliuza hisa mpya za takriban dola bilioni 21 ili isikaukiwe na fedha, kwa bei iliyo chini sana ya ile iliyokuwa ikizinunulia mwaka 2018, wakati wa neema.

Mkurugenzi mtendaji wa sasa, Kelly Ortberg, ni mhandisi wa mitambo kwa elimu, na alipoanza Agosti 2024 alisema atakaa Seattle. Ni hatua sahihi, ingawa kukaa karibu na kiwanda hakumlazimishi mtu kusikiliza. Kipimo chake kitakuja siku Boeing itakapozindua ndege ya kuirithi 737, huku A321XLR ya Airbus ikiwa imeshaingia kazini tangu Novemba 2024 na wateja wakiwa na haraka. Wachambuzi watauliza bei, injini na idadi ya oda. Mimi nitataka kujua wauzaji wamemwahidi nini mteja kabla mhandisi hajaulizwa, na meneja wa Renton akiandika kwamba kiwanda kisimame, nani anamjibu, na baada ya siku ngapi.